Umehamishiwa kupanga wagonjwa wa nje: anza hapa

Mdogo wangu, umeuliza ujifunze nini kwanza kwa kuwa umehamishiwa kwenye meza ya kupanga wagonjwa wa nje, yaani kuamua nani aonwe kwanza. Anza na macho. Kabla ya kushika kadi yoyote, pita kwenye mabenchi: nani anahema kwa shida, nani amelegea, nani ana degedege, nani anavuja damu? Hao hawasubiri malipo wala usajili.

Kisha pumzi. Wengi hupima joto na presha, pumzi wakaikadiria tu, na hilo linaniuma. Hesabu dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Mchanga wa chini ya miezi 2 mtangulize hata akionekana mzima.

Muulize mama: ananyonya? Anatapika kila kitu? Sikiliza jibu lote.

Rudi kwenye foleni mara kwa mara, maana aliyekuwa nafuu saa mbili asubuhi anaweza kuzidiwa saa nne. Na waeleze wanaosubiri kwa nini mwenzao ametangulia, wengi wataelewa.