Ukienda kuwatazama nyangumi, vaa uweze kukaa nje

Mara ya kwanza nilipopanda boti ya kutazama nyangumi ilikuwa Gloucester, Massachusetts, mwezi wa Juni. Nilivaa dera, sweta jepesi na ndala. Nchi kavu jua lilikuwa linawaka, na mimi mtoto wa Tanga niliamini bahari naijua. Dakika arobaini baada ya kutoka bandarini nilikuwa nimejikunyata ndani, kwenye benchi lililo karibu na wanapouza kahawa, meno yanagongana na mfuko wa kutapikia mkononi. Waliokuwa nje walipiga kelele mara tatu. Niliinuka mara moja tu, nikafika mlangoni, upepo ukanirudisha. Nikarudi nyumbani Lowell sikuona hata mkia, na nyangumi walikuwepo.

Aliyeniuzia tiketi hakunitajia baridi hata neno. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mama kwenye simu kwamba jioni ile nitamsimulia habari za chongowe, kama alivyozoea kumwita yeye.

Tangu siku ile nimekwenda mara nne zaidi, na safari ya mwisho nilikwenda na mama mwenyewe, aliyekuja kunitembelea mwezi wa Julai. Kila kiangazi ndugu zetu wa Lowell na Worcester huniuliza kama safari ile ina faida. Ina faida kubwa, ila anayeipata ni yule anayekaa nje ya boti kwa saa zote tatu au nne. Kukaa nje huko kunatengenezwa nyumbani, usiku wa kuamkia safari.

Baridi yenyewe ielewe kwanza, usiichukie. Boti za Gloucester, Boston, Plymouth na Provincetown nyingi huelekea mahali paitwapo Stellwagen, kilima cha mchanga kilichozama kati ya Cape Ann na Cape Cod. Juu ya kilima kile kina cha maji ni kama mita ishirini na kitu tu, na kandokando yake bahari inashuka ghafla. Mkondo ukigonga ubavu wa kilima, maji baridi ya chini yanapanda juu na rutuba yake. Vimea vidogo vya kijani vinachanua, wadudu wadogo wa baharini wanavila, na samaki wembamba wanaokaribia dagaa kwa umbo wanawala wadudu hao kwa makundi makubwa. Nyangumi wa nundu anawafuata samaki hao kutoka bahari ya Karibi, alikokuwa msimu wote wa baridi akizaa na kunyonyesha huku karibu hali kitu. Kwa hiyo ubaridi unaokutetemesha ndiyo meza yake ya chakula. Yangekuwa maji ya uvuguvugu kama ya kwetu, asingekuja kula pale.

Nilipomweleza mama hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hawa wa kwetu wanapita na njaa." Na kweli. Nyangumi wa nundu wanaoonekana pwani yetu, kuanzia Mafia na Unguja hadi Watamu, kati ya Julai na Septemba hivi, wamepanda kutoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzaa na kupandana. Kula wamekula huko kwenye baridi. Kwetu utamwona mama na ndama wake wakipita. Stellwagen unamwona mkubwa yuleyule kwa aina, wa ukoo mwingine, amefungua kinywa.

Sasa mavazi. Hata Julai, joto likiwa nyuzi thelathini mjini, vaa kama unayekwenda kazini Novemba. Boti inakimbia, na upepo wa mwendo wake unakukata hata siku ambayo bahari imelala. Chini kabisa vaa nguo inayobana mwili, juu yake sweta zito, kisha koti lisilopitisha upepo wala maji. Jinzi ziache, zikirushiwa maji hazikauki mpaka urudi. Raba zenye soli isiyoteleza, soksi nene, glavu, kofia ya baridi inayofunika masikio. Nguo ukizidiwa na joto utaivua, usiyokuwa nayo huwezi kuivaa katikati ya bahari.

Kwa kina mama wanaovaa ushungi na baibui nina neno la pembeni, maana hili hakuna anayetuandikia. Ushungi wa kutupia unapeperuka ukakufunika uso wakati uleule nyangumi anapoinuka. Vaa ule wa kuvuta, ubane kwa ndani ya koti, kofia juu yake. Chini ya baibui vaa suruali nene, na koti livae juu ya baibui. Mama alijifunga kanga kifuani chini ya koti, mafundo mawili, akasema hiyo ndiyo iliyompa joto kuliko vyote. Sina sababu ya kumbishia.

Chagua boti ya asubuhi. Zile zinazong'oa nanga saa mbili na nusu au saa tatu hukuta upepo haujaamka. Mchana nchi kavu ikishapata moto, upepo wa kutoka baharini unaingia na mawimbi yanakuwa mafupimafupi, hayo yanayochafua tumbo. Bahari iliyotulia inakusaidia pia kuona, kwa sababu pumzi ya nyangumi haipotei kwenye mapovu ya mawimbi. Asubuhi unaweza kukutana na ukungu, hasa hewa ya joto inapopita juu ya maji baridi, lakini mimi ukungu nauvumilia kuliko mawimbi ya alasiri.

Tumbo, nalo, lina heshima yake. Usipande na njaa, na usipande umeshiba mafuta. Mama na mimi tulikula mahamri mawili mawili na chai ya tangawizi isiyo na maziwa, na chupa nyingine ya chai tukaibeba. Dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safari inamezwa kabla, kama saa nzima kabla ya kuondoka. Ukingoja mpaka tumbo lichafuke umeshachelewa. Ukiwa na mzee anayetumia dawa za presha au za macho, mwulize mfamasia kwanza, na ujue nyingine zinaleta usingizi. Halafu angalia unapokaa. Wahenga wa pwani walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Omo, mbele ya chombo, inapanda na kushuka, tezi, nyuma yake, inanuka moshi wa injini, lakini katikati ya chombo ndipo panapocheza kidogo kuliko kote. Ukihisi mate yamejaa kinywani, rudi katikati, sitaha ya chini, upande wa nje wenye hewa, ukazie macho upeo wa bahari. Usiinamie simu. Na usiingie ndani. Mimi nilipoingia ndani ile safari ya kwanza ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu macho yanaona ukuta uliosimama na mwili unasema tunayumba.

Na kuona kwenyewe ni kazi inayotaka kujifunza. Watu wengi wanatafuta mnyama. Mnyama huwezi kumwona kwa mbali, mgongo wake ni rangi ya maji. Tafuta pumzi. Inasimama kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa kifuniko, nyeupe, sekunde mbili tatu, kisha upepo unaichukua. Tafuta na ndege: wakikusanyika mahali pamoja wakipiga mbizi, chini yao pana chakula. Hilo mama alilijua zamani kwa baba yake aliyekuwa mvuvi wa Kigombe, na ndiye aliyeona kwanza siku ile, kabla ya mtangazaji wa boti. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Ule si moshi?"

Haukuwa moshi. Walikuwa wawili.

Hapo nikafanya kosa ninalotaka ulijue, kwa sababu litakupata. Wenye boti hutaja upande kwa mishale ya saa: omo ni kumi na mbili, kulia ni tatu, tezi ni sita, kushoto ni tisa. Mtangazaji alitaja tatu kwa Kiingereza. Mimi kwa mazoea ya kumtafsiria mama, nikageuza kama tunavyogeuza saa zote: "Saa tisa, mama!" Mama akawaza namba tisa kwenye uso wa saa, akageukia kushoto. Saa zetu na zao zinapishana kwa sita, yaani nusu ya duara, kwa hiyo nilimpeleka upande wa pili kabisa wa bahari. Aligeuka tena maji yameshafunga. Ukiwa na mtu unayemtafsiria, achana na saa, mwambie kulia, kushoto, omo, tezi.

Nyangumi akizama akainua mkia, mara nyingi atakaa chini dakika tano, pengine hata kumi. Watu wengi hapo huanza kutazama picha zao. Wewe tazama maji. Pale alipozamia linabaki duara laini linalong'aa, kama mtu amemwaga mafuta, linatokana na kisukumo cha mkia wake. Kama wanakula, unaweza kuona duara jingine: mapovu ya kijani kibichi yanapanda taratibu, yanazunguka mpaka yanafunga. Anapuliza hewa akiwa chini, anawazungushia samaki ukuta wa mapovu, kisha anapanda katikati kinywa wazi. Ukiona mapovu, usiinue simu. Hesabu, tatu, nne, ukitazama katikati ya duara. Tulimwona akitoka hivyo mita chache kutoka ubavuni, koo limetuna na mifereji yake imetanuka, samaki wanaruka pembeni mwa midomo, shakwe wanamdokolea chakula kinywani. Ndani ya taya ya juu zinaning'inia nyuzi nene kama ufagio wa chelewa. Kisha akapumua, na pumzi ikatufikia usoni. Ina unyevu, na inanuka samaki waliolala. Mama hakuifuta.

Mkia wa kila nyangumi wa nundu una alama zake chini, nyeupe na nyeusi, na hazifanani na za mwingine. Watafiti wanawatambua kwa hizo na kuwapa majina. Maarufu wao ni jike aitwaye Salt, anayefahamika tangu miaka ya 1970, mwenye makovu meupe kwenye pezi la mgongoni kama amenyunyiziwa chumvi. Ameonekana Stellwagen miaka na miaka akiwa na ndama baada ya ndama. Ukipanda, mwombe mtaalamu aliyeko botini akutajie mliyemwona ni nani, wanafurahi kuulizwa.

Ukienda Aprili, maji yakiwa nyuzi tano au sita, unaweza kumwona kwa mbali yule ambaye wawindaji wa kale walimpa jina la right whale, yaani nyangumi anayefaa, kwa sababu alikwenda polepole na akiuawa alielea. Kumwinda kulipigwa marufuku mwaka 1935, na mpaka leo wamebaki chini ya 400 kwenye Atlantiki ya Kaskazini. Wanagongwa na meli, wananaswa na kamba za mitego. Sheria ya Marekani inakataza kumkaribia chini ya yadi 500. Nahodha akigeuza boti kwa ajili yake usinung'unike. Na kabla ya kununua tiketi uliza kama boti imo katika mpango wa Whale SENSE, wa hiari, ambao wenye vyombo hufunzwa namna ya kuwakaribia bila kuwasumbua. Mimi boti inayomfukuza nyangumi siipandi mara ya pili. Uliza pia kuhusu tiketi ya bure ya kurudia endapo hakuna aliyeonekana. Kampuni nyingi hutoa.

Kutoka Lowell kwenda Gloucester unapita karibu na Salem. Siku ile nilimwambia mama kwamba majahazi ya mji ule yalikuwa yakija Unguja kununua sandarusi na pembe, yakileta nguo, ndiyo maana bibi zetu waliita kitambaa kile merikani. Konseli wa kwanza wa Marekani Unguja, mwaka 1837, alitoka Salem. Taa za miji ya huku nazo ziliwaka kwa mafuta ya nyangumi. Mama aliuliza kama watu wa Salem walipokuwa Unguja waliwaona nyangumi wetu wakipita. Nadhani waliwaona.

Amesharudi Tanga sasa. Mwezi wa Agosti alinipigia simu, nikasikia upepo nyuma ya sauti yake, nikamwamkia, hakungoja hata nimalize. Yuko Kigombe tangu alfajiri, amekaa kwenye gogo, amejifunga kanga ileile.

"Pumzi mbili," aliniambia. "Kushoto kwangu, njia ya Pemba. Moja kubwa, moja ndogo."