Nyufa kwenye lami ya uani kabla ya mvua za Machi

Ndugu yangu wa Mukono, Uganda, umeuliza kama upake lami upya njia yote ya gari kwa sababu ya nyufa. Hapana, zuia maji kwanza. Yakipenya kwenye ufa hulainisha moramu (udongo wa changarawe) iliyo chini. Gari likipita, lami inabonyea na kuwa shimo. Fanya kazi hii Januari au Februari. Ng'oa majani na mizizi yake, fagia vumbi, acha ufa ukauke kabisa (penye unyevu lami haishiki), jaza lami ya moto, nyunyizia mchanga mkavu. Njia iinamie mtaroni sentimita 2 kwa kila mita. Na kingo, tafadhali, zishindilie udongo usawa wa lami. Zikiachwa wazi, magurudumu huzimegua.