Maji ya bwawa jipya yamegeuka rangi ya chai. Niyamwage?

SWALI: Fundi, nimemaliza kujenga bwawa la nyumbani, mita 8 kwa 4. Upande mmoja kina ni mita 1, mwingine mita 2, na ndani nimepiga plasta ya saruji nyeupe. Nililijaza maji ya kisima, na jioni ileile nikamwaga kilo nzima ya klorini ya unga. Asubuhi nikakuta maji yana rangi ya chai, ingawa sakafu naiona vizuri. Kipimo cha matone kilisoma pH 8.2 na alkali 170. Nimetia asidi mara mbili. pH inashuka, kesho yake imerudi palepale. Niyamwage nianze upya?

JIBU: Usiyamwage, ndugu yangu. Utajaza tena kutoka kisima kilekile, na yatageuka vilevile.

Hiyo rangi ni kutu. Maji ya kisima mara nyingi hubeba chuma kilichoyeyuka, na kikiwa kimeyeyuka hakionekani. Ukiyateka kwenye glasi utayasifu. Klorini ikikikuta inakigeuza kutu. Ulivyosema kwamba sakafu unaiona ndivyo vilivyonipa jibu, maana mwani ukiota maji huwa mazito ya kijani na chini huoni kitu. Siku nyingine, kabla ya kugusa bwawa, chota maji kwenye ndoo nyeupe, tia klorini ya unga nusu kijiko cha chai, koroga, uyaache saa moja. Yakibadilika rangi, umejua mapema.

Kutu ikishatokea ni chembe, na chembe huchujwa. Acha pampu izunguke usiku na mchana. Kwenye kikapu cha kinasa takataka weka pamba ya kujazia mito, ile ya poliesta. Kwa saa chache tu utaikuta imekuwa ya kahawia, itupe uweke nyingine. Geji ya chujio ikionyesha presha imepanda, osha mchanga wake kwa kugeuza mkondo. Plasta ikibaki na madoa, ponda kidonge cha vitamini C, kitie kwenye kitambaa, ulikandamize doa kwa nusu dakika. Likififia, ni la chuma.

Sasa pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kile kipimo chako cha kwanza mimi sikiamini. Bwawa lako kwa wastani lina kina cha mita 1.5, kwa hiyo lina lita 48,000. Kilo 1 ya klorini ya unga wa asilimia 65 ndani yake ni zaidi ya miligramu 13 kwa lita, na klorini ikivuka 10 hivi, tone jekundu la pH hugeuka zambarau na kukudanganya kwamba pH iko juu. Tone la klorini lenyewe nalo lina hila yake: klorini ikizidi sana hulichuja rangi, kichupa kikabaki cheupe kana kwamba hakuna dawa. Nilipokuwa mgeni wa kazi hii niliona kichupa cheupe nikaongeza dawa, nikaona cheupe tena nikaongeza. Nguo za kuogelea za watoto wa mwenye nyumba zilipauka siku hiyohiyo.

Kwa hiyo pima upya klorini ikishashuka chini ya 5. Bado utaikuta pH iko juu kiasi, kwa sababu mbili. Plasta mpya ya saruji hutoa chokaa ndani ya maji kwa wiki kadhaa, na chokaa hupandisha pH. Pili, alkali yako ya 170 ni nyingi. Hiyo ndiyo inayoivuta pH irudi juu kila ukiishusha. Inatakiwa iwe kati ya 80 na 120. Lita 1 ya asidi hidrokloriki ya asilimia 32 kwenye bwawa lako hushusha alkali kwa 10 hivi, kwa hiyo hii ni kazi ya siku nyingi. Tia lita 1 huku pampu ikizunguka, subiri kwa muda wa saa sita, pima. pH ikifika 7.2 acha, usiende chini ya hapo, plasta itaumia. Kisha elekeza juu midomo ya maji yanayorudi bwawani ili uso utibuke: hewa ya ukaa inatoka, pH inapanda yenyewe, lakini alkali haipandi. Rudia mpaka alkali ifike 100.

Asidi imwage kidogo kidogo ndani ya bwawa, wala usiitie kwenye ndoo au kikombe kilichogusa klorini. Gesi inayotoka hapo huua.

Ugumu wa maji, yaani kalsiamu, usiuguse mwezi huu. Maji ya kisima mengi yana kalsiamu ya kutosha, na plasta inaongeza. Upime baadaye, kati ya 200 na 400 panafaa. Kwa sababu hiyohiyo, klorini ya kila siku tumia ya maji, kwani ile ya unga huongeza kalsiamu.

Jua huila klorini isiyo na kinga kwa saa chache tu. Kinga ni asidi sayanuriki, miligramu 30 kwa lita, yaani kilo 1 na nusu hivi kwako. Itie kwenye soksi, itundike mbele ya mdomo wa maji yanayorudi, uwe unaikamua. Usikimbilie kuongeza kipimo kikisoma kidogo. Huyeyuka taratibu, na ikizidi haitoki mpaka upunguze maji.

Ukishafika hapo, weka klorini kati ya 2 na 3, na pH kati ya 7.4 na 7.6. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini ndiyo inayoua vijidudu, ikiwa 8.2 haifiki hata robo. Plasta uisugue kwa brashi laini kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, na watoto wasubiri.