Vifaru vya mpira viliwazugaje Wajerumani?

Swali: Afande shikamoo. Nasikia kwenye vita kuu ya pili Wamarekani walikuwa na vifaru vya mpira vya kujaza upepo, eti wanawazuga Wajerumani. Sasa adui ana ndege, ana majasusi, anazugikaje na puto? Na kisheria hii imekaaje?

Jibu: Marahaba. Wengi wanaanzia kwenye mpira kwa sababu picha zake zinachekesha, wanajeshi wachache wamenyanyua kifaru kizima kwa mikono, ila mpira peke yake haumzugi mtu. Kile kikosi cha Wamarekani kilikuwa na watu kama 1,100 hivi, kiliingia kazini Ulaya 1944, na wakishapuliza vifaru usiku wanaleta buldoza linapitapita kuacha alama za minyororo kwenye udongo, maana rubani akipiga picha kule juu haangalii kifaru tu, anaangalia na kimefikaje pale. Halafu kuna spika kubwa kwenye magari zinatoa milio ya injini iliyorekodiwa, inasikika kilomita 20 na zaidi.

Lakini kwa sisi watu wa mawasiliano utamu uko kwenye redio. Kila mpigaji wa Morse, yaani anayetuma ujumbe kwa nukta na mistari, ana mkono wake, anavyovuta mistari, anavyopumzika kati ya herufi, na adui anayemsikiliza kila siku anamjua kama wewe unavyojua hodi ya jirani yako. Kwahiyo jamaa walikuwa wanakaa kwanza na mpigaji wa kikosi halisi, wanajifunza mkono wake, kisha kikosi kinaondoka kimyakimya na redio inaendelea kupiga palepale kama vile hakuna aliyehama.

Ukitaka uongo mkubwa kuliko huo nenda kwa Waingereza. Kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, Ufaransa, Juni 6, 1944, walitengeneza jeshi hewa zima, yaani la kubuni, likaitwa FUSAG, likakaa kusini mashariki ya Uingereza mkabala na Calais ya Ufaransa, na mkuu wake akatajwa kuwa Jenerali Patton wa Marekani ambaye Wajerumani walimheshimu sana. Juan Pujol, Mhispania aliyekuwa anaitumikia Uingereza huku Wajerumani wakimwona wao, alikuwa na majasusi 27 wa kubuni tu, na siku 3 baada ya kutua akawatumia Wajerumani ujumbe kwamba Normandy ni chambo, shambulio lenyewe linakuja Calais. Wakameza! Jeshi lao la 15 likabaki kule wiki kadhaa linasubiri wageni wasiokuja, na Pujol akapewa nishani na pande zote mbili.

Ila Hitler na majenerali wake walishaamini Calais kabla, ndo njia fupi ya kuvuka bahari, na Waingereza walikuwa wanasoma mawasiliano yao ya siri kwahiyo wanaona kabisa kipi kimeaminika na kipi kiongezewe chumvi. Bila hilo unadanganya gizani.

Sheria sasa. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, yaani sheria za vita, kifungu cha 37, inaruhusu hila kama kujificha, vifaa bandia na taarifa za uongo. Kinachokatazwa ni kutumia ulinzi wa sheria yenyewe kama mtego, mfano unajifanya umesalimu amri halafu unaua. Kifaru cha mpira ruksa, ambulensi yenye msalaba mwekundu iliyojaa wapiganaji hapana.