Jibu: Klachi gani ya drag lakini naendea kazini kila siku?

Salaam yakhe. Umesema Toyota Mark II yako ya injini ya 1JZ turbo ukikanyaga gia ya nne resi inapanda lakini gari haiendi, na unataka klachi ya kuvutana drag, zile mbio fupi za kunyooka, bila kuteseka njiani.

Kabla hujatoa pesa, gari ikipandishwa angalia oili sili ya nyuma ya krenkshafti (shafti kuu ya injini), ikivuja mafuta yanaingia kwenye pleti ya klachi, na klachi mpya itateleza vilevile.

Mimi nilitia ile ya vipande vya seramiki isokuwa na springi katikati, wallahi foleni ya Darajani ilikuwa adhabu, ukiachia pedeli kidogo tu gari inaruka mbele, mama yangu alikataa kabisa kupanda. Nikaitoa, nikaweka ya oganiki, laini kama ya kawaida, yenye springi, na presha pleti (ile inayoikandamiza klachi) nzito zaidi, sasa natoka Bububu hadi mjini mguu umetulia.

Usichague kwa hospawa, chagua kwa torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, inayopimwa kwa Nm. Injini ikitoa Nm 400 tafuta klachi ya kama 500, ukizidisha sana, wakati wa kuondoka kitakachokatika ni giaboksi au shafti za nyuma. Torki ya injini ikivuka hapo, na pesa ipo, chukua ya pleti mbili, inashika nguvu nyingi na pedeli haiwi nzito sana.

Flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo klachi inalishika, ikachongwe uso. Halafu kilomita 800 za mwanzo endesha mjini polepole, usiondoke kwa resi hata kidogo!

Tairi za nyuma umefunga gani?