RAM 8GB inabeba mashine pepe tatu? Uzoefu wangu na VirtualBox

Mkuu, umeuliza kama laptopu yako ya Core i5 yenye RAM 8GB itaweza Windows 7 na mifumo miwili ya Linux, Ubuntu na Debian, ndani ya VirtualBox (programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), na kwa nini hiyo Ubuntu uliyokwisha kuweka inajikokota. Kuwa nazo zote tatu inawezekana. Kuziwasha zote kwa mpigo, utateseka bure.

Nilianza na mashine kama yako. Dukani kwa mjomba kulikuwa na programu ya hesabu iliyogoma kufunguka kwenye Windows 10, ikabidi niitafutie Windows 7 yake. Kosa langu lilikuwa kugawa RAM kama mkate, 3GB huku, 3GB kule. Kompyuta mama, yaani laptopu yenyewe, ikabaki na 2GB, ikaanza kuegemea diski. Taa ya diski haizimiki, kipanya kinasogea kwa kurukaruka, na mjomba amesimama nyuma yangu anasubiri ripoti ya mwezi. Tangu siku ile kompyuta mama haipungukiwi 4GB. Windows 7 naipa 2GB, Debian isiyo na madirisha wala ikoni naipa 1GB, na hizo mbili zinakaa pamoja vizuri. Ubuntu kamili inataka 4GB peke yake, kwa hiyo ukiiwasha, nyingine zilale.

Sasa huo ukokotaji. Ingia BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla Windows haijawaka) uhakikishe VT-x, nyenzo ya prosesa ya kubeba mashine pepe, imewashwa (kwenye prosesa za AMD utaikuta kwa jina la SVM). Ikiwa imezimwa, mara nyingi VirtualBox inakuonyesha mifumo ya biti 32 tu. Halafu washa Ubuntu yako, angalia kona ya chini kulia ya dirisha lake. Ukiona kobe wa kijani, ujue Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa kuendesha mashine pepe, imeshika usukani na VirtualBox inapita mlango wa nyuma. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, kisha zima na uwashe kompyuta. Kama unatumia WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), itasimama. Ukiihitaji tena, badala ya off andika auto. Kobe akibaki, zima na Memory Integrity kwenye mipangilio ya usalama ya Windows.

Diski ya kuzunguka usijisumbue nayo. SSD ndiyo iliyonipa ahueni kuliko kitu kingine chochote.

Windows 7 ichomoe mtandao kabisa kwenye mipangilio ya VirtualBox. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na hesabu za duka hazihitaji intaneti. Pia nakuomba sana, usitegemee snapshot (hali ya mashine pepe iliyohifadhiwa ili uirudie baadaye) kama nakala ya akiba. Zinakaa diski ileile na zinanenepa kimyakimya. Umeme uliwahi kukatika betri yangu ikiwa imekufa, diski ya ile Windows haikufunguka tena. Kilichotuokoa ni nakala ya folda nzima niliyoiweka kwenye diski ya nje wiki moja kabla.

Anza na kobe, halafu rudi hapa utuambie kama yupo.