Usiulize Inavuja Kiasi Gani, Uliza Inadondokea Wapi

Juzi dada mmoja wa Kisumu aliniandikia. Ana Probox ya kubebea samaki, na fundi wake amemwambia oili inayovuja kwenye injini ni "jasho tu", aongeze kidogo kila wiki maisha yaendelee. Anauliza kama ni kweli. Swali hili nimelijibu mara nyingi kwa mkato. Leo nalijibu kwa urefu, maana jasho hilohilo ndilo lililonifukuzisha kazi.

Miaka hiyo nilikuwa dereva wa matatu ya abiria 14, Nakuru–Kisumu. Gari halikuwa langu. Waliowahi kuendesha Hiace wanajua injini iko chini ya kiti cha dereva na cha abiria wa mbele. Unaiatamia kama kuku na mayai yake. Boneti huna. Kinachoungua huko chini utakijua kwa pua kabla ya macho. Nilianza kuisikia harufu tukitoka Awasi kupanda Kericho: oili inakaangika. Tukifika Mau Summit na kuteremkia Salgaa, harufu imepotea kabisa. Kesho yake ni vilevile, inakuja mlimani, inaondoka mteremkoni.

Nikainua kiti, nikamulika tochi. Gasketi (mpira wa kuziba) ya kava ya tapeti, yaani kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imekauka upande wa nyuma, na oili inatiririka taratibu mpaka kwenye manifoldi ya eksozi, bomba linalopokea moshi wa moto kutoka kwenye injini. Haikuwa nyingi. Dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ilionyesha karibu imejaa, na hiyo ndiyo hoja ambayo mwenye gari aliishika. "Kijana, wewe ni dereva ama fundi? Oili ipo, peleka gari." Nikamwandikia ujumbe kwenye simu kwamba oili inadondokea eksozi na sitapakia watu mpaka ibadilishwe gasketi. Akampa mwingine funguo. Stejini wakanibandika jina la Injinia, na halikuwa la heshima. Kuna waliosema naogopa mlima.

Sitawachosha na miezi niliyokaa bila gari. Matatu ile iliwaka ikikaribia Kapsoit, imejaa. Abiria walitoka wote salama, Mungu ni mwema, mizigo yao ikateketea. Habari iliponifikia nilifurahi kidogo, nikaona haya, kisha nikafurahi tena. Mimi ni binadamu.

Sasa sikia kwa nini ilikuwa mlimani. Mvuke wa oili ya injini unaweza kushika moto ukipata cheche kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200 hivi. Manifoldi ya eksozi, gari likiwa na mzigo na linapanda kwa gia ya pili, inaweza kupita nyuzi 400, na kwenye dizeli yenye tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa kwenye injini) pale ndipo pabaya zaidi, kwa sababu tabo yenyewe inalainishwa na oili inayosukumwa kwa presha kupitia paipu nyembamba. Paipu ikipasuka, oili haidondoki, inaruka. Na mlimani mwendo ni mdogo, upepo wa kupoza ni haba. Ukisimama kushusha abiria Kericho, hata ule upepo kidogo unakatika, joto linakusanyika, moshi unaanza kufuka. Madereva wengi huona moshi wakiwa wamesimama, wakadhani umeanza pale.

Kwa hiyo dada yangu, gari linaloacha tone chini kwenye maegesho linaweza kukuulia injini usipoliangalia, lakini mara nyingi halina haraka ya kukuchoma. Lisiloacha tone hata moja, na ndani linanuka kama kikaango, ndilo la kuogopa. Oili yake haifiki chini. Inaunguzwa njiani.

Osha injini kwa sabuni na maji ikiwa imepoa (siyo kwa petroli, siyo kwa mafuta ya taa, nawaona mnavyofanya), endesha siku moja, kisha mulika. Oili mpya itajionyesha inakotoka. Fundi akitaka kupaka silikoni juu ya gasketi iliyokufa, mkatalie. Gasketi ni rahisi kuliko gari. Mwambie pia akague paipu ya kupumulia injini, maana ikiziba, presha ya ndani husukuma oili nje kila penye udhaifu, na utabadilisha gasketi na sili mpaka uchoke. Akibadilisha filta ya oili, ahakikishe mpira wa zamani haukubaki umeganda. Mipira miwili ikikutana, filta itamwaga oili. Na ahesabu vitambaa vyake. Nimetoa kitambaa juu ya eksozi ya gari lililotoka gereji asubuhi hiyohiyo.

Moto ukianza: zima injini, toa watu, wasogeze mbali. Usifungue boneti wazi, na kwa Hiace usiinue kiti, unaupa hewa. Pulizia poda ya mtungi wa kuzimia moto kwenye upenyo. Usimwage maji, oili inayowaka husambaa nayo. Mtungi sheria inautaka kwenye gari la abiria, ila wengi huufunga chini ya kiti cha dereva, yaani juu ya moto wenyewe. Uweke karibu na mlango. Watazamaji nao wafukuzeni. Sisi wa njia hii tunaikumbuka Sachangwan ya Januari 31, 2009, zaidi ya watu 100 walipokufa kwa kukimbilia mafuta ya lori lililopinduka, yakashika moto.

Nyinyi wenye magari, mnaonisoma mkitafuta namna ya kununua la pili na la tatu, sikieni. Dereva akikuambia kuna harufu, usimuulize kama ni fundi. Na someni bima zenu: ile ya kuwalipa watu wengine pekee hailipi gari lako likiungua. Yule mzee mwenye matatu yetu alikuwa na hiyo. Akaja ofisi ya sacco, ushirika wetu wa matatu, akidai nilimwachia gari bovu makusudi bila kumwambia. Nikatoa simu, nikamsomea mwenyekiti ujumbe wangu na tarehe yake. Dereva uliyeajiriwa, andika. Maneno ya stejini hayasimami mbele ya kamati. Mzee akatoka bila kuaga, na mshahara wangu wa wiki ya mwisho hajanilipa mpaka leo.